Basi la Shule Lafika Bonde la Turley

Turley, Kentucky
28 Mei 1961

Mdogo wangu Lura,

Nakusalimu wewe, mumeo Dorsey na binti yenu Joetta. Mimi sijambo, ila goti la kulia linanisumbua mvua ikinyesha, na huku mvua haijui kukoma. Kikohozi cha Dorsey kimepungua tangu aachane na vumbi la makaa ya mawe?

Shule wameifunga, Lura. Garland Napier, ambaye siku hizi ni mkuu wa elimu wa kaunti nzima, alikuja mwenyewe na viatu vyake vya kung'aa, akatia kufuli mlangoni. Kuanzia Septemba watoto wote wa bonde watashushwa kwa basi mpaka mjini Harnett, kwenye jengo jipya la matofali. Kila darasa na chumba chake, vyoo vya ndani, na kengele inayolia yenyewe.

Nikamwuliza, "Na mimi?"

"Bi Orpha, sheria mpya inataka mwalimu mwenye shahada. Wewe una cheti tu."

"Cheti hicho ndicho kilichokufundisha wewe kusoma, Garland."

Akacheka! Akasema jikoni kuna nafasi, eti watoto wananipenda. Nimpikie nani maharage? Watoto niliowafundisha baba zao?

Shule ile Babu na majirani walikata magogo yake kwa mikono yao, wakamlipa mwalimu wa kwanza kwa mahindi na nyama ya nguruwe. Akaja yule mama mfadhili wa Boston na piano yake juu ya gari la nyumbu, akatufundisha kupiga mswaki kana kwamba meno tuliyapata kwake. Alipochoka na matope akaenda zake. Mimi sikwenda popote. Na leo kuna mtu nisiyemjua, hata sura yake sijaiona, atakaa na watoto wangu. Nikimfikiria tu damu inachemka.

Dada yako,
Orpha


Dayton, Ohio
19 Juni 1961

Dada Orpha,

Tumepata barua yako tukiwa wazima. Dorsey anakohoa asubuhi tu, na kiwandani wamemhamishia kwenye kupaka rangi majokofu, kazi nyepesi. Anakusalimu sana.

Kaa kwanza ndipo usome. Yule mtu usiyemjua unamjua. Ni Joetta.

Naapa sikujua. Amemaliza chuo mwezi huu, nami nilishamtafutia kazi shule iliyo nyuma ya nyumba yetu, ningekuwa nasikia kengele yake nikianika nguo. Kumbe alishaandika huko kaunti kimya kimya. Wamempa darasa la kwanza.

"Mama," ananiambia, "nataka kufundisha kwetu."

"Kwetu wapi? Wewe umekulia hapa Dayton, umekanyaga Turley likizo tu."

"Basi huko ndiko kwetu. Hapa wanatuita washamba wa milimani."

Mpokee, Dada. Usimkasirikie mtoto. Lakini nikuambie ukweli, kwa kuwa tumezoeana. Baba alipokuchagua wewe uende kusomea ualimu, mimi nikabaki kumgeuza Mama mgonjwa kitandani. Kila nilipokuona unapita na vitabu kwapani nilitamani uteleze uanguke kijitoni. Sasa binti yangu ana shahada ambayo wewe huna. Niache nijivune kidogo. Nimeingoja siku hii muda mrefu.

Mdogo wako,
Lura


Turley
1 Oktoba 1961

Lura,

Sisi wazima huku, na majani ya milimani yamekuwa mekundu. Jivune, mdogo wangu. Huna haja ya kuomba ruhusa.

Nimempa binti yako chumba cha Mama. Ni mtoto mzuri, anaosha vyombo bila kuambiwa. Lakini, Lura, anavaa suruali! Tena jioni anakaa mezani kwangu akila mkate wa mahindi na kunisimulia mambo ya watoto wangu kana kwamba mimi ni mgeni.

"Mama Mkubwa, kuna kajitoto kanaitwa Vesta Stidham, kana akili ajabu! Mimi ndiye nimegundua."

Amegundua! Mama yake Vesta, Ruthene, nilimfundisha mimi, na nyanya yake alikaa nami dawati moja. Jumapili kanisani watoto walinipita mbio wakamng'ang'ania yeye sketi. Mmoja akamwambia, "Mwalimu, nimekuletea tufaha." Nilisimama pale na kitabu changu cha nyimbo kama nguzo ya uzio. Hata tufaha bovu sikupewa.

Kisha Ruthene alikuja kuniuliza, maana analiogopa basi la shule. Ile kona ya juu ya korongo unaijua, na mvua zikianza njia huwa kama sabuni. Aliniuliza, "Bi Orpha, ungekuwa wewe ungempeleka?" Nikamwambia, "Ningekuwa mimi, ningembakiza nyumbani." Amembakiza. Na kina Fugate nao wamewabakiza wao. Wakiona madawati yale mapya yamekaa matupu, labda watakumbuka kufuli ni la kufunguliwa pia.

Joetta hajui. Anafikiri watoto wana surua.

Dada yako,
Orpha


Dayton
12 Novemba 1961

Dada,

Salamu. Sisi tupo. Baridi imeanza kubana.

Nilipoisoma barua yako nilitaka kukukaripia. Nikakaa nayo siku kadhaa. Kisha ikaja ya Joetta, ukurasa mmoja tu, na ukurasa wenyewe wote ni wewe. Eti Mama Mkubwa amenifundisha kushona mfarishi wa vipande vya nguo. Mama Mkubwa anasema hivi, Mama Mkubwa anacheka hivi. Mwishoni, kwa herufi ndogo: Sikukuu ya Shukrani sitakuja, Mama Mkubwa atakuwa peke yake.

Peke yako! Na mimi nitakuwa na nani? Nimemnunulia bata mzinga, Dorsey hata meno ya kumtafunia hana. Wewe umepata binti mkubwa bila kulea wala kuamka usiku kumpoza homa, na bado unalalamika kwamba amekunyang'anya watoto! Chukua hao wa kwako, unirudishie wangu.

Kwa hiyo nakuambia hivi, na Mungu anisamehe. Endelea. Waambie na kina Noble wabakize wao. Mwalimu asiye na wanafunzi hapewi mkataba wa pili, nimeulizia. Ile kazi ya shule ya hapa nyuma ya nyumba bado iko wazi. Atakasirika kidogo, halafu atarudi kwetu.

Mdogo wako,
Lura

Barua hii ichome.


Dayton
21 Januari 1962

Dada Orpha,

Hujambo? Goti linaendeleaje? Nimekuandikia kabla ya Krismasi na baada yake, kimya. Joetta naye hakuja, hakuandika. Nimepiga simu dukani mjini Harnett, wakanijibu eti mwalimu yuko salama, wakakata. Salama maana yake nini? Yuko wapi? Mmefanyana nini?

Niandikie hata mstari mmoja. Dorsey ananiuliza kila jioni, nami nashindwa kumwangalia usoni.

Lura


Turley
11 Februari 1962

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Mimi mzima wa mwili.

Joetta hayuko kwangu. Wiki ile kabla ya Krismasi darasa lake lilikuwa na watoto wachache hata Garland akamwita ofisini, akamwambia akishindwa kuwavuta watoto wa bonde, kaunti itatafuta mwingine. Alirudi amelia. Nilimkaangia viazi, nikamsugua mgongo, nikamwambia, "Pole, mwanangu, si kosa lako." Nilikuwa namaanisha, Lura. Hilo ndilo linalonishangaza. Nilimwonea huruma na huku nafurahi, vyote kwa pamoja.

Kesho yake akavaa mabuti akapanda bonde nyumba hadi nyumba kuwauliza akina mama wenyewe. Ruthene ni mtu mkweli, hana hata kona ya kuficha kitu. Akamwambia, "Mbona sisi sote tunamsikiliza Bi Orpha, na Bi Orpha ndiye aliyetuambia tusiwalete?"

Joetta aliingia jikoni kwangu na theluji mabegani, hakuvua hata kofia.

"Ni kweli?"

"Barabara ni mbaya, mwanangu. Kila mtu anajua."

"Sikuulizi barabara, Mama Mkubwa. Umewaambia, hukuwaambia?"

"Nimewaambia."

"Kwa nini?"

Nikatafuta jibu la kiutu uzima. Lililotoka ni hili: "Kwa sababu walikuwa wangu."

Akanitazama sana. "Walikuwa wako," akasema, "na kina Fugate wale wadogo hawajashika kitabu tangu Oktoba. Hao nao ni wa nani?"

Na ngoja nikumalizie, maana nawe una fungu lako. Barua yako ya Novemba sikuichoma. Ilikuwa chini ya bakuli la sukari, na alipoisogeza kupata mahali pa kuweka glavu zake akaona mwandiko wako. Akaisoma amesimama. Akacheka kicheko kibaya, akasema, "Kumbe nina mama wawili, na wote wawili wananiombea nianguke."

Amehamia juu kabisa ya bonde, kwa Ruthene, analala na Vesta kitanda kimoja. Kila asubuhi anatangulia njiani na taa ya mchimba makaa kuwakusanya watoto, anapanda nao basi, anakaa nao upande wa korongo. Wanampenda kuliko zamani. Basi likipita hapa kwangu nasimama nyuma ya pazia. Hageuzi hata shingo.

Dada yako,
Orpha


Dayton
25 Februari 1962

Dada,

Sina salamu nzuri za kukupa. Nilimwonyesha Dorsey barua yako yote. Alikaa akikohoa, kisha akasema, "Nyinyi wawili mmegombania mtoto mpaka mmemchana." Akaenda kulala bila kula.

Nimemwandikia Joetta mara mbili. Zimerudi hazijafunguliwa. Nilitaka nikuchukie wewe, ingenipa nafuu, lakini najua nani aliandika "endelea".

Unajua kinachoniuma? Wewe angalau unamwona akipita. Hata sasa nakuonea wivu kwa hilo pazia lako.

Fanya kitu. Uko karibu. Mimi niko mbali, mikono yangu haifiki.

Lura


Turley
29 Aprili 1962

Mdogo wangu Lura,

Nawasalimu wewe na Dorsey kwa upendo wote. Mimi mzima, huku miti ya matunda imechanua na kijito kimejaa.

Ulisema nifanye kitu. Nilianza kwa kupanda bonde na goti langu. Kwa Ruthene sikuhitaji kusema, Vesta alisharudi shuleni. Kwa kina Fugate, mama yao hakunikaribisha ndani. Alisimama mlangoni na mtoto kiunoni.

"Bi Orpha, wewe mwenyewe ulituambia hilo basi litawaua."

"Nilisema. Nilisema kwa wivu."

"Wivu kwa nani?"

"Kwa mpwa wangu."

Alinicheka, Lura, akawaita na watoto waje wanione. Halafu akaacha kucheka. "Kwa hiyo barabara ni nzuri?"

"Barabara ni mbaya. Lakini Joetta anapanda hilo basi kila siku."

"Joetta hana mtoto. Wewe panda basi, ndipo nitakuamini."

Nimepanda. Jumatatu iliyofuata nilisimama njiani na koti langu la kanisani, dereva akafungua mlango akashangaa. Joetta alikuwa kiti cha mbele. Alinitazama kama mtu anavyotazama mvua, akageukia dirishani. Nikaenda kukaa nyuma kabisa. Nikashuka Harnett, nikazunguka mjini mpaka jioni kama mbwa aliyepotea, nikapanda kurudi. Jumanne vilevile. Wiki ya pili watoto wa Fugate walikuwa ndani, kisha wa Noble. Kila siku nampita, "Habari za asubuhi, mwanangu," naye hajibu. Watoto wakawa wananingojea kuona kama leo atajibu.

Garland alinikuta nimekaa kwenye ngazi za shule, akaniambia ile nafasi ya jikoni bado ipo. Safari hii sikumjibu jeuri. Nimeichukua. Nachota maharage, na wao wanapita mbele yangu mmoja mmoja wakiwa na sahani. Mara ya kwanza niliposikia sauti ya Joetta ikisoma kupitia ukutani, na watoto wote wakimfuatisha, nilishika mwiko nikasimama tu. Anafundisha vizuri. Nilitafuta kosa, wala sikulipata, na nilitafuta kweli.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Alhamisi mvua ilinyesha usiku kucha, na Ijumaa asubuhi kwenye ile kona basi likaserereka. Gurudumu la nyuma likaning'inia korongoni. Dereva akapaza sauti, "Msitikisike!" Watoto wakaanza kupiga kelele. Mimi nilikuwa huko nyuma, upande wa shimo, na wadogo wa Fugate wawili wamenishika shingo, na Vesta amejibanza miguuni pangu.

Joetta aliinuka. Akawatoa watoto wa mbele mmoja mmoja mpaka kwa dereva aliyewapokea mlangoni, sauti yake tulivu, anawaita majina. Kisha akaja nyuma. Akawabeba wale wa Fugate, mmoja kila mkono, akawapeleka, akarudi kumchukua Vesta. Nikamwambia, "Nenda, mimi nitafuata." Akasema, "Nyamaza, Mama Mkubwa." Akanishika kwapani, akanitoa.

Wote wazima, Lura. Wanaume wa mgodini walilivuta basi kwa minyororo, na Garland ameahidi kifusi na uzio pale kabla ya Septemba. Joetta alimfokea mbele za watu mpaka akaahidi. Na Joetta ameutia sahihi mkataba wake, mwaka mwingine tena. Najua si habari uliyotaka. Atabaki huku.

Tulikaa ukingoni mwa barabara tukingoja, watoto wamefunikwa makoti yetu. Akaja akasimama mbele yangu, matope mpaka magotini. Vesta alikuwa amelala pajani pangu. Joetta akasema, "Sogea." Nikasogea. Akakaa. Yule mtoto, usingizini hivyo hivyo, akageuka akamlalia yeye.

Niliona wivu, mdogo wangu. Ulinichoma vilevile kama siku ile kanisani. Nikamfunika mtoto miguu.

Njoo. Usiandike, njoo wewe mwenyewe. Sikumwomba Joetta ruhusa, na huenda akatufokea wote wawili.

Dada yako,
Orpha