Pembe Kali, Pembe Butu

Baba,

Mulembe kutoka Morogoro. Mgongo unakusumbua bado? Na fahali wetu Radi, anakula? Najua utanijibu ya Radi kwanza. Mimi ni mzima, ila vumbi la mbao pale karakana linanikohoza, na wenzangu wananicheka nikiita duara "duala".

Nikupe habari ya mtihani wa kuingia chuo cha ufundi. Nilipoaga ulisema, "Jaribu mara hii tu. Ukishindwa rudi Malinya uongoze Radi uwanjani kwenye mapigano ya mafahali. Mimi sikimbiangi tena." Basi nikasoma. Namba kamili hazikunitisha: hasi tatu toa hasi nane ni tano, imeisha hiyo. Balaa lilikuwa jiometri. Shuleni tuliisoma kwa Kiingereza, na huku mtihani ni wa Kiswahili.

Mama Sarapia, mwalimu anayenifundisha jioni, aliniambia nichore pembe kali na pembe butu. Nikachora kali imepanuka, butu imebanana. Akashika kiuno.

"Weye! Kisu gani kikali ncha yake imetanuka hivyo?"

Nikamweleza kwetu pembe kali ni kama za Radi, zilizofunguka, zinazomfikia mwenzake kabla hajakaribia. Zilizobanana ni za ng'ombe wa kulima. Alicheka hadi akakaa chini.

"Huyo ng'ombe wenu atakufelisha," akasema.

Nusura iwe hivyo. Swali lilikuja: pembetatu ina pande mbili zilizo sawa, pembe moja ni nyuzi arobaini, na pembe zote ni kali. Tafuta mbili zilizobaki. Zaweza kuwa sabini na sabini, au arobaini na mia moja. Mkono wangu ukaandika mia moja, kwa kuwa hiyo ndiyo imepanuka kama za Radi. Halafu nikakumbuka kisu. Nikafuta, nikaandika sabini na sabini.

Majibu yametoka jana. Nimefaulu, kwa alama chache sana. Nilifurahi, Baba, kisha nikakuona akilini ukichechemea mbele ya Radi, nikahuzunika. Desemba, Radi atakapopigana, sirudi.

Msalimie Mama, na nyanya aliyeniombea. Dada yangu Mmbone mwambie aache woga. Ndiye aliyekuwa akimkatia Radi majani, na Radi anaijua sauti yake. Kamba yangu ya kumwongozea Radi inaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Mpe.

Mwanao,
Shivachi