Mbuzi wa Harusi ya Neema

Jumatatu, Hewani. Joto limekaza tangu alfajiri, mto umejaa na maji yake ni tope tupu, na mimi siwezi kutulia mahali pamoja. Nimefagia uwanja mara mbili. Naandika kwa sababu nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Juzi tulimwoza binti yangu, Neema. Sisi ni Wakristo, lakini huku kwetu hakuna karamu ya Wakristo peke yao. Mwenye shughuli humwita Mwislamu amchinjie, ili majirani wote wale bila wasiwasi. Mama yangu alifanya hivyo, na nyanya kabla yake.

Mzee wa kutuchinjia alikuwa anatoka Minjila, akakwama njiani kwa matope. Kaka yangu Jilo, ambaye subira hakuzaliwa nayo, akachukua kisu akachinja mbuzi wote mwenyewe. Aliponiambia, nyama ilikuwa tayari imo kwenye sufuria, na aliyekuwa akipika pilau ni Hawa.

Hawa ni jirani yangu, Muorma, mtu wa swala tano. Mafuriko yalipobeba nyumba yangu nilikaa kwake wiki tatu na watoto, na kila Jumapili ni yeye aliyeniamsha nisichelewe kanisani.

"Nyamaza tu," Jilo alininong'oneza. "Hata kitabu chao kinaruhusu chakula cha Wayahudi na Wakristo."

Pengine ni kweli. Lakini tangu lini Jilo amekuwa sheikh? Na kama ni halali, mbona ananong'ona?

Nilinyamaza.

Mimi, jamani! Mimi mwenye mdomo usiojua kufungwa. Niliogopa aibu mbele ya wakwe. Niliogopa wageni Waislamu wainuke wote kwa pamoja, harusi ya mwanangu iwe gumzo mpaka Garsen. Nikampakulia Hawa kwa mkono wangu mwenyewe, nikamchagulia mnofu. Akala, akasifu, akamfungia na mama yake sahani. Jana kanisani sauti ya kuimba sikuipata.

Asubuhi hii nimeenda kwake. Amenipokea kwa chai ya maziwa na utani wake: "Mama bibi harusi, miguu bado yauma kwa kucheza?" Chai sikuigusa. Nimemwambia yote mbiombio. Nimemlaumu Jilo, nimeyalaumu matope, nimewataja hata hao Wayahudi.

Hawa amesikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Ulijua kabla sijala, ama baada?"

"Kabla."

"Nyama si kitu, Mama Neema. Mimi sikujua, Mungu hatanihesabia. Lakini wewe ulinitazama nikila."

Akainuka, akaingia ndani kwa mama yake. Nimemngoja mpaka chai ikapoa. Hakutoka.

Angegombana nami kuhusu dini ningekuwa na la kujibu. Njiani nilikuwa nimejiandaa. Hili sikulitazamia. Naona haya, naona haya kabisa. Na wale wengine waliokula, nitaanza na nani?

Jilo amepita hapa sasa hivi, anasema yataisha yenyewe, watu husahau. Nimemfukuza.

Kesho narudi kwa Hawa. Safari hii sitamtaja Jilo.