Foku Iliyotoka Nairobi

Jumapili

Na mimi huyo mtu nilimwita ndugu!

Otieno, mwenye tunaendesha naye baiskeli kila Jumapili, ndiye alinishauri niweke foku ndefu, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. "Boss, mawe ya Menengai hutayasikia tena." Akanifungia mwenyewe. Alisema ni mpya, imetoka Nairobi.

Leo mlimani gurudumu la mbele lilikuwa linainuka kila nikikanyaga pedali. Akanipita akicheka. Hiyo ya kucheka ningesamehe.

Lakini jioni nikiiosha, rangi ikabanduka. Chini yake kuna mkwaruzo ninaoujua. Ni foku yake ya zamani, ile alianguka nayo Njoro, fundi akamwambia, "Hii tupa, itakuua."

Siku hiyo ni mimi nilimbeba mgongoni mpaka barabarani.