Fatiha Kwenye Mkahawa wa Mizuka

Mama yangu mpenzi,

Leo nimepita Soho, katikati ya London. Ule mkahawa wa Kijapani niliokupeleka nilipopata kazi haupo tena, sasa wanauza miwani. Nimesimama mlangoni nisijue niendako, maana kuna jambo nataka kukuuliza na sijui nilipeleke wapi.

Niliuchagua kwa samaki na wali, tusiwe na wasiwasi wa nyama isiyo halali. Sikujua kuwa ni mkahawa wa mizuka. Tuliingia tukakuta taa za karatasi, vilio kwenye spika, na msichana aliyejipaka uso unga akaja na menyu, kavaa nguo nyeupe toka shingoni hadi miguuni. Ukanishika mkono.

"Umenileta wapi huku? Huyu mbona kavaa sanda?"

Nikakuambia ni mchezo, Wazungu wanapenda kutishwa. Ukanuna, lakini ukakaa, maana njaa ilikuwa inakuuma.

Kisha msichana akaweka mezani kibakuli cha wali, vijiti viwili vimesimama wima juu yake. Akasema hicho si cha kula, kwao Japani wali wa namna hiyo huwekewa maiti. Nilikutafsiria huku nikitabasamu. Wewe ulikivuta kibakuli, ukaweka sawa mtandio, ukainua mikono.

"Inua na weye. Tumsomee babako."

Baba alifia Unguja miaka ya tisini, paspoti zetu zikiwa kwa watu wa uhamiaji Croydon zikingoja muhuri. Hatukumzika, na sikuwahi kukuona ukimlilia. Mle ndani, vilio vya bandia vikipigwa juu ya vichwa vyetu, ulisoma Fatiha mpaka mwisho, machozi yakidondokea wali. Watu wa meza ya jirani wakadhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi. Nami nikacheka, mama. Haikuwa furaha wala dharau, kicheko kilinitoka tu, mikono yangu ikiwa mezani. Yule msichana wa sanda ndiye aliyeinamisha kichwa akangoja umalize.

Ukajifuta uso, ukasema, "Haya, tule." Hukulitaja tena maisha yako yote. Ulikasirika? Au ulikuwa umeshautua mzigo wako, ukaona kicheko changu si kitu? Kila jibu nikilishika, naona si lako.

Wiki iliyopita tumekusomea khitma Ilford. Kila kitu kilikwenda sawa, mashekhe, ubani, watu hadi kwenye ngazi. Sikulia. Wakanisifu kuwa niko imara, nikawapakulia biriani. Sijielewi, mama.

Leo nimeingia mkahawa ulio jirani na hilo duka la miwani, nikaagiza wali, nikakaa nao mpaka ukapoa. Mhudumu akaniuliza kama kuna kosa. Nikamwambia namsubiri mama yangu.

Mungu akulaze pema. Unisamehe, kama lipo la kusamehe.

Binti yako