Jicho la Kushoto la Naisula

Papa,

Tulikuzika kwetu Kajiado wiki sita zilizopita na mimi bado nakushuku. Nimeona nikuambie mwenyewe.

Mama amenipa kile kitabu chako cha jalada jeusi. Mara ya kwanza nilikiona kwa meza yangu, nyumbani kwangu Noonkopir, Naisula akiwa na wiki tatu. Ulikuwa unakuja kila asubuhi, unanisalimia juujuu, halafu unamwinamia mtoto na tochi yako ndogo. Kulia. Kushoto. Kulia tena. Kisha unaandika. Siku moja ulitoka kunawa mikono, nikakifungua. Kurasa za mbele zilikuwa za wale wanyama wa Australia, jamaa za kangaruu, uliowachunguza ile miaka ya tisini ulipokuwa fundi wa maabara huko: mtoto siku ya ishirini, mtoto siku ya sitini, michoro ya macho na ubongo. Nikageuza. "Mtoto, siku ya 21. Kushoto hafuati mwanga." Huyo alikuwa wangu.

Nilikufukuza. "Naisula si mnyama wako," nilisema. Ulisimama mlangoni, kofia mkononi, ukaanza kunifundisha. Kwamba yule mnyama anazaliwa mdogo kama haragwe, macho yamefungwa, anapanda mwenyewe mpaka kwenye mfuko wa mamake. Kwamba humo gizani nyuzi za kila jicho zinaingia kwenye ubongo zikiwa zimechanganyikana, halafu polepole za kulia zinajitenga na za kushoto, kabla hajaona chochote.

"Lakini wetu hana mfuko, enkerai ai, mwanangu," ulisema. "Njia zake zinamalizikia huku nje, kwa mwanga. Hilo jicho liko na ukungu. Ubongo hautalingoja."

Mimi nilisikia mtu anayetaka kumalizia utafiti wake. Majirani walikuwa wameniambia hilo doa la jichoni litaisha lenyewe. Niliwaamini wao.

Ile Jumanne nilirudi kutoka kiwandani, nikamkuta Mama Brayo, jirani aliyenishikia mtoto, mikono mitupu. "Babu amemchukua. Amesema mmeelewana." Nilienda polisi, Papa. Nilisema baba yangu ameiba mtoto. Hilo sikuwahi kukuambia.

Nikiwa bado naandikisha taarifa, Mama Brayo akaja mbio: umepiga simu, uko hospitali Nairobi, na daktari amekataa kumpasua bila sahihi ya mama. Nilifika huko na kelele. Nilimuuliza daktari kama mnajuana, kama huu ni utafiti wenu nyinyi wawili. Alisema mmekutana asubuhi hiyo. Kisha akarudia yale yale uliyoniambia mlangoni, kwamba tukichelewa zaidi ubongo utaliacha hilo jicho, hata likisafishwa baadaye. Niliweka sahihi nikikuangalia wewe, si yeye. Hukusema, "Si nilikuambia?" Ulikaa kwa benchi, shuka la mtoto begani.

Naisula alivaa miwani kabla ya kutembea. Na mimi sikukukaribisha tena kwangu. Miaka mitano.

Juzi nimesoma kitabu mpaka mwisho. Kumbe uliendelea. "Harusini. Mtoto amenifuata kwa macho yote mawili nikivuka uwanja." Na chini yake: "Kanisani. Amenitambua kutoka mbali. Mamake amemgeuza." Nakumbuka kumgeuza. Nilimshika mabega hivi, nikamwelekeza kwa kwaya... Papa, nililia hadi Mama akaja kuuliza ni nini.

Na bado. Jina lake hukuliandika hata mara moja. Mtoto, mtoto, kama wale wengine. Yalikuwa mazoea ya kazi? Uliogopa kuliandika? Ama nilikuwa sahihi, na ulimpenda huku ukimpima? Nakuuliza na najua hutajibu. Nikilala jibu ni moja, nikiamka ni lingine.

Sasa yuko darasa la kwanza. Miwani ni minene, lakini ubao anausoma. Jana aliniuliza nani alimpeleka kufunguliwa jicho.

Nikasema, "Ni mimi."

Akaamini, Papa. Akarudi kula.

Jumamosi namleta Kajiado. Nakuahidi nitamwambia hapo kaburini, kwa sauti, na Mama akisikia: ni babu yako alikuchukua bila ruhusa yangu, na mimi nilimshtaki kwa polisi. Yote mawili. Akitaka kunikasirikia, na akasirike.

Olesere, Papa, kwaheri. Pumzika.

Binti yako,
Nashipae