Kikuku cha Kushoto

Shikamoo dada,

Sisi wazima, na mwanangu ameota meno mawili. Kazi yangu ni ileile ya kuosha farasi. Kuwapanda marufuku, tajiri anasema watu wa dini yetu tunanajisi matandiko. Si ndiyo maana baba alipanda mara moja tu akafukuzwa, na mwezi haukuisha tukamzika?

Dada, siku hizi kila asubuhi nikifungua banda namkuta farasi yuleyule aliyepandwa na baba ametandikwa, amelowa jasho. Kikuku cha kushoto, pale pa kukanyagia, kimefupishwa matundu mawili ya ukanda, kama baba alivyokifupisha kwa ajili ya mguu wake mfupi. Huwa nakirefusha harakaharaka.

Jana sikukigusa. Tajiri alipanda, akaondoka akitukana. Farasi amerudi bila yeye, anatembea kwa adabu, hatamu zimenyooka hewani kama zimeshikwa.

Mama usimwambie.

Mdogo wako