Somo la Majivu

Msumbiji, Jumatano, 10 Desemba 2003

Bibi yangu, shikamoo. Nilikuahidi kukueleza yote, basi naanza na lililonichosha kuliko safari.

Tumevuka Ruvuma darasa zima kuja kujifunza kubangua korosho kwa akina mama wa ushirika wa huku. Somo la kwanza: paka majivu mikononi, mafuta ya ganda yasikuunguze. Mwalimu akasema, "Andikeni." Nikaandika, Bibi, jambo ninaloliona kila siku uani kwako Nanyamba.

Nikamuuliza mwenyekiti wao, Mama Rosa, walijifunzia wapi. Akacheka. "Kwenu huko huko, mwanangu. Wakati wa vita tulikimbilia Nanyamba, mama mmoja akatufundisha. Ukivunja korosho anakuchapa kikofi, halafu anakupa hiyo hiyo uile."

Kikofi hicho nakijua. Mimi hukipata nikigusa tu, kisha naambiwa nikasome.

Pumzisha magoti, Bibi, nakukumbuka sana. Huyu aliyekuletea kadi hii anarudi huku kesho, mpe jibu la swali langu, mimi mjukuu wako Somoe: kama mama huyo ni wewe, Jumapili nikirudi utanisogezea nafasi kwenye mkeka wako wa kubangulia?